Usafi wa Mhudumu

Ukimwamkia, kabla hajamaliza kuitikia alikuwa ameshaiangalia mikono yako.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umenawa?"

Haikujalisha umetoka kanisani, shambani au kwenye harusi. Pembeni ya mlango wake palining'inia kidumu kilichotobolewa, na kipande cha sabuni ndani ya soksi kuukuu. Ulinawa, ukajipangusa kwa kukung'uta vidole hewani kwa sababu taulo alilihesabu kuwa uchafu unaosafiri, ndipo ulipopewa kigoda. Mwenyekiti wa kijiji alinawa. Mchungaji alinawa, na alipojaribu kuingia moja kwa moja aliambiwa, "Baba Mchungaji, hata wewe una kucha."

Hapa Kinampanda wote tulimwita Mhudumu. Kazi ya zahanati alikuwa ameshastaafu zamani, lakini jina lilibaki. Huko alifua mashuka, alichemsha mikasi na alipiga deki chumba cha wazazi. Hakuwa nesi, na hakuwahi kujifanya nesi. Aliniambia kwamba watu huwakumbuka waliowapiga sindano, na hawamkumbuki aliyeichemsha sindano hiyo. Mimi ni fundi wa pampu za visima. Nyumba yangu na yake zilitenganishwa na ua wa minyaa, na kwa miaka hiyo yote ya ujirani aliniita Fundi tu.

Maziwa yake yalitafutwa. Wapo waliopita nyumba tatu zenye ng'ombe ili wafike kwake, kwa sababu alichuja mara mbili kwa kitambaa alichokichemsha kila siku, na chupa ya mteja yenye harufu aliirudisha pamoja na mwenyewe. Ndoo ya kukamulia haikutumika kuchotea maji, ya maji haikutumika kufulia, na ya kufulia ilifungiwa kabisa, kama vile ingeweza kutoroka na kwenda kukaa na wenzake. Alikuwa na kauli moja ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mwingine: kitu kikisafishwa mara moja kinaonekana kisafi, kikisafishwa mara mbili ndiyo kinakuwa kisafi.

Lakini mtu huyohuyo alivuta ugoro. Aliufunga kwenye pindo la kanga, akapiga chafya za kutisha kuku, kisha akaenda kunawa. Na chini ya kitanda chake kila mwaka alimwatamisha kuku mmoja mwekundu, kwa maelezo kwamba kuku huyo alikuwa na tabia nzuri. Jumapili aliimba kwaya sauti ya pili. Jumatatu alisimama kwenye ua na kumtukana mzee tuliyemwita Mwenye Zizi, jirani yetu wa upande wa pili, kwa sababu ya nzi.

Mwenye Zizi alikuwa na ng'ombe wa kienyeji wengi, na zizi lake wakati wa masika lilikuwa tope la kufika magotini. Walitaniana kwa miaka.

"Shemeji," alikuwa akisema yeye, akiegemea fimbo, "nasikia ndama wako siku hizi anavaa soksi."

"Afadhali soksi za ndama wangu kuliko shati lako."

"Shati langu lina miaka kumi halijafa. Ndama wako wamefikisha siku ngapi?"

Hapo utani uliishia. Mhudumu aligeuka na kuingia ndani, na Mwenye Zizi alibaki akikuna ndevu, akijua amevuka mpaka.

Ndama ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Mhudumu alikuwa na ng'ombe mmoja chotara, mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Ng'ombe huyo alizaa vizuri, alitoa maziwa vizuri, na ndama wake walikufa. Wa kwanza dume, wa pili jike, wa tatu jike. Kila mmoja alizaliwa na afya, akarukaruka wiki ya kwanza, kisha katikati ya wiki ya pili akaanza kuharisha maji ya njano. Siku iliyofuata aliacha maziwa. Siku ya tatu macho yalizama, na siku ya nne au ya tano nilisikia kimya upande wa pili wa ua, nikajua nichukue jembe nikamsaidie kuchimba.

Yeye mwenyewe aliugua nao. "Ndama akiharisha na mimi tumbo linaniendesha," aliniambia mara ya pili, amekaa kwenye kigoda rangi imempotea. "Ni huruma, Fundi. Huruma ikizidi inashuka tumboni." Niliona ni maneno ya mtu mwenye uchungu.

Kila mara alitoa dawa ya minyoo. Kwetu, kitu chochote kinachosumbua tumbo la mnyama ni minyoo. Ndama akivimba tumbo ni minyoo, akikonda ni minyoo, akila udongo ni minyoo. Neno lenyewe lilitosha kuwa jibu, na dawa ya minyoo ilipatikana duka la pembejeo kule Kiomboi bila maswali. Alimnywesha ndama wa kwanza baada ya kuanza kuharisha. Wa pili alimnywesha mapema, kabla. Wa tatu alimnywesha mara mbili. Wote walikwenda.

Watu walianza kusema. Kisimani nilimsikia mama mmoja akisema mkono wa Mhudumu ni mzito, kwamba mtu aliyefua mashuka ya wafu miaka yote ile hawezi kulea kitu kichanga. Nilikuwa nimeinama kwenye pampu na spana mkononi. Nilitaka kumkanusha. Nilichokuwa nacho ni ushahidi ule ule aliokuwa nao yeye: mwanamke msafi kuliko wote kijijini, na ndama wake peke yao wasiotoboa wiki tatu. Ng'ambo ya pili ya uwanja, ndama wa Mwenye Zizi walilalia kinyesi chao wenyewe na jioni waliruka wakikimbilia mama zao.

Nina tabia ya kuandika. Pampu ikiharibika naandika kina cha kisima, aina ya mpira ulioisha, mara ya mwisho kubadilishwa, na mara nyingi sababu hujitokeza yenyewe kwenye karatasi. Kwa ndama wa Mhudumu niliandika vivyo hivyo. Msimu: mmoja kiangazi, wawili masika. Maji: yamechemshwa, yote. Dawa: kabla, baada, mara mbili. Maziwa: ya mama yake, kwa ndoo, ndoo imeoshwa. Nililitazama karatasi lile siku nyingi. Kila nilichoanza kukishuku kilikuta ndama mmoja anakikanusha. Nilianza kufikiri labda yule mama wa kisimani amesema kweli, kisha nikajionea aibu, kisha nikafikiri tena hivyohivyo.

Siku nyingine nilimwuliza Mwenye Zizi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza, "Mzee, kwako ndama hawafi?"

Akacheka. "Wanakufa, kwa nini wasife? Ila wako wengi, anayekufa haonekani."

"Wanakufa na nini?"

"Wanaharisha."

"Wangapi?"

"Fundi, mimi nahesabu walio hai."

Jibu hilo halikunisaidia. Lilinichanganya zaidi, kwa sababu sasa sikuwa tena na uhakika hata wa kile nilichodhani nakiona.

Ugonjwa wa ndama wa tatu ndio uliomleta afisa mifugo wa kata, binti mwenye pikipiki na buti za mpira. Alikuwa amechukua kinyesi cha ndama siku mbili kabla hajafa na kukipeleka kupimwa mbali. Majibu yalipokuja tulikuwa tumeshazika. Alikuja kuyasema mwenyewe, akanawa bila kuambiwa, na Mhudumu alimpenda papo hapo.

"Mama, haikuwa minyoo."

"Ilikuwa nini?"

"Ni vijidudu vya utumbo. Vidogo mno, havionekani kwa macho."

"Minyoo midogo."

"Hapana, Mama. Si minyoo midogo. Ni kitu kingine kabisa."

"Minyoo isiyoonekana."

Binti alivuta pumzi. "Sawa, Mama, iite hivyo. Ila dawa ya minyoo haiiui. Hata ungemwogesha nayo."

Mhudumu alisogeza kigoda karibu naye. Halafu akauliza swali la mtu wa zahanati: "Inaingilia wapi?"

"Mdomoni. Inatoka kwenye kinyesi cha ndama mwingine anayeumwa, inaingia mdomoni kwa huyu. Ina ganda gumu, inakaa muda mrefu penye unyevu na kivuli. Na mtu anaweza kuipata pia. Wewe hujawahi kuumwa tumbo ukiwa unamhudumia?"

Mhudumu alinigeukia. "Kumbe haikuwa huruma," alisema.

Akafurahi kidogo, nadhani, kwamba maumivu yake yalikuwa na jina. Lakini swali lilibaki palepale. Ndama wa Mhudumu hakuwa na mwenzake. Alizaliwa peke yake kwenye kibanda chake, kilichofungwa, kilichofagiliwa. Kinyesi cha ndama mwingine kingefikaje humo? Binti aliahidi kurudi ng'ombe akikaribia kuzaa tena.

Hapo ndipo niliposikia habari ya Dodoma. Mwana mkubwa wa Mhudumu anaishi huko, na alikuwa ameshamwambia kwenye simu kwamba ng'ombe amezeeka, meno yameisha, uzao ujao ndio wa mwisho. Ndama huyo akifa, ng'ombe atauzwa na Mhudumu atahamia Dodoma akakae na wajukuu kwenye vyumba viwili. Kijana hakuwa na nia mbaya. Mama yake alikuwa peke yake, magoti yanauma, na kila mwaka anampigia simu analia juu ya ndama. Mhudumu aliniambia jambo hili akiwa anaosha ndoo, hakuinua kichwa.

"Dodoma nitafanya nini, Fundi? Nitaosha vyombo vya mkwe wangu, na yeye ataona namsema."

Binti alirudi ng'ombe akiwa amebakiza wiki chache. Aliomba kuona kibanda cha ndama. Mhudumu alifungua mlango kama anafungua sebule. Na kweli kilikuwa sebule. Kuta zimesiribwa, dirisha moja dogo limezibwa gunia upepo usipite, na sakafu laini, ya kijani iliyokolea, imepigwa mkono kwa mistari ya nusu duara inayofuatana kama magamba ya samaki. Hakuna jani lililoanguka humo.

"Mama, hii sakafu ni nzuri sana," binti alisema. Aliinama akaigusa. "Umesiriba na nini?"

"Mavi ya ng'ombe na majivu, kama kawaida. Kila Jumamosi."

"Ya ng'ombe wako?"

"Aka! Huyu anakula mashudu, mavi yake mepesi, hayashiki. Na ya ng'ombe wakubwa wa kienyeji yana nyasi ndefu, sakafu inakuwa na manyoya." Alimwonyesha kwa vidole jinsi nyasi zinavyochomoza. "Mazuri ni ya ndama. Laini, hayana nyasi. Ukipaka yanang'aa."

Binti alibaki ameinama. "Ya ndama yupi, Mama?"

"Wa huyo mchafu, Mwenye Zizi. Wangu si wamekufa?"

Nakumbuka sikucheka. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimemwona Jumamosi ngapi akivuka uwanja na karai la mavi kichwani, mabichi, yanafuka, na mimi nikamwamkia na kuendelea na kazi zangu. Kwenye karatasi langu kulikuwa na safu ya maji, dawa, msimu na maziwa. Safu ya usafi sikuiweka, kwa sababu huko ndiko nilikokuwa na hakika hakuna tatizo. Hata nyumba yangu imesiribwa hivyo. Kwetu mtu asiyesiriba ndiye mchafu.

Binti alisema kwa upole, na alisema mengi. Kwamba sakafu isisiribwe tena. Kwamba kibanda kina giza na unyevu, na vijidudu vile jua kali huviua vikikauka. Kwamba ndama alale kwenye kichanja cha fito, juu, mahali pa jua la asubuhi, kinyesi kidondoke chini. Kisha akauliza ndama hupewa lini maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano, dang'a, ambayo ndiyo kinga yake ya kwanza.

"Kondo likishatoka," alisema Mhudumu. Ndivyo tunavyofanya wote huku. Hukamui kabla kondo la nyuma halijatoka, na hilo huweza kuchukua mpaka jioni.

"Mama, zahanati mliwaambia wazazi wasubiri kondo ndipo wanyonyeshe?"

"Hapana," alisema Mhudumu, na akakaa chini.

Baada ya binti kuondoka nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilikuwa nimechanganyikiwa na nilitaka kuelewa. Yalikuwa mambo mengi mno kwa mara moja: sakafu, giza, dang'a. Kwenye pampu, ukibadilisha vipuri vitatu kwa pamoja maji yakatoka, hujui kipi kilikuwa kibovu. Nikamwambia tuanze na sakafu peke yake, tuone.

Alinitazama kama siku ile alivyomtazama Mchungaji.

"Fundi, wewe unataka kujua. Mimi nataka ndama."

Nilikwenda kukata fito.

Ng'ombe alizaa mchana, jike, mweusi mtupu. Mhudumu alimfuta, akamweka kwenye nyasi kavu, na hapo akasimama na ndoo mkononi akitazama nyuma ya ng'ombe.

"Kondo halijatoka," alisema.

"Binti alisema tusisubiri, Mama."

"Nimemsikia." Hakusogea. Miaka yote ya kuona wengine wakifanya vile ilikuwa imemshika miguu. "Mama yangu angeniona angenichapa," alisema, kisha akachuchumaa akakamua. Maziwa kidogo yalimwagika, kitu ambacho sijawahi kukiona kwake. Ndama alikunywa akiwa hajaweza hata kusimama sawasawa.

Siku ya tisa akaharisha.

Nilifika asubuhi nikamkuta Mhudumu amekaa chini ya kichanja kwenye vumbi, kanga imechafuka, na hakuniuliza kama nimenawa. Alikuwa amechanganya maji yaliyochemshwa na chumvi na sukari, vile walivyokuwa wakiwapa watoto zahanati, akimnywesha kidogo kidogo kwa chupa, na maziwa hakuacha kumpa. Nikampigia binti, akasema endeleeni hivyohivyo. Mwenye Zizi alikuja akasimama mbali, fimbo begani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Shemeji, anaendeleaje?"

"Anakunywa."

"Akinywa ni vizuri."

Aliondoka, akarudi na mzigo wa nyasi kavu, akauweka bila kusema neno. Siku ya pili ya ugonjwa ndama alikuwa bado anaharisha, lakini macho hayakuzama. Siku ya tatu kinyesi kilishika. Siku ya nne alimpiga Mhudumu kichwa cha tumbo akidai ndoo, na yule mama akakaa chini akacheka mpaka akapaliwa na ugoro.

Sasa mtu ataniuliza nini kilimponya. Sakafu iliondoka, giza liliondoka, dang'a iliwahi, na maji ya chumvi na sukari yaliongezeka ambayo hayakuwa kwenye mpango. Au alikuwa ndama mwenye nguvu tu. Nimelirudia karatasi langu mara nyingi, na naweza kusema kwa uaminifu kwamba sijui. Afisa mifugo alisema yote huchangia, na ninaamini, lakini kuamini ni kitu kimoja na kujua ni kingine.

Mwana wa Dodoma alikuja Krismasi, akamwona ndama, akala, akarudi kwake. Habari ya kuhama haikutajwa. Ng'ombe mzee aliuzwa baadaye, mtamba, yule ndama mweusi aliyekua, akabaki, na mwaka huu mtamba huyo amezaa na ndama wake anaruka.

Kiangazi hiki nilikwenda kumsalimia. Kazi ilikuwa imenipeleka upande wa Ulemo kwa miezi kadhaa, sikuwa nimemwona. Tulikaa ndani, jua lilikuwa kali. Ilinichukua muda kugundua kitu gani kimebadilika sebuleni. Sakafu ilikuwa imepasuka, vumbi limekaa kwenye nyufa. Haikuwa imesiribwa miezi mingi.

"Mama, sakafu ya nyumba haina shida," nilimwambia. "Binti alikataza ya ndama tu."

"Najua."

 Nje ndama alilia, mama yake akaitika.

"Fundi, wale watatu."

"Ndiyo, Mama."

"Ni sakafu, au ni kusubiri kondo, au ni lile giza?"

Nilikuwa na jibu, tena jibu la kweli. "Haijulikani, Mama. Tulibadilisha vyote kwa pamoja."

"Hilo ni jibu la karatasi. Nakuuliza wewe." Alikuwa akinitazama usoni. "Hujawahi kunidanganya miaka yote hii. Usianze nimeshazeeka."

Nilitafuta pa kuangalia nikakuta ni sakafu tu. Mpaka sasa sina hakika kama nilichosema ni kweli, au kama nilikuwa na haki ya kukisema.

"Nadhani ni sakafu, Mama."

Aliitika kwa kichwa, polepole, mara kadhaa, kama mtu anayepokea salamu zilizotumwa kutoka mbali. Alipitisha unyayo wake juu ya ufa mmoja, huku na huku.

"Lakini ilikuwa inang'aa," alisema.